Mke Anatoka na Nini? Uhakiki wa Waraka wa Wakili wa Mambo ya Ndoa

  

Umepita mikononi mwa maimamu kadhaa wa Dar es Salaam waraka ulioandikwa na wakili wa kujitegemea, dada yetu Muislamu, ambaye kazi yake kwa miaka mingi imekuwa kesi za ndoa, talaka, malezi ya watoto na mirathi. Ndani yake ameandika aliyoyaona: sheria inavyosema, familia zinavyoishi, na mambo ya mitaani yanavyokwenda kinyume na yote mawili. Jina lake hatulitaji, kwani waraka haukuchapishwa na yeye aliuandika kwa ajili ya kuzungumza na maimamu, wala si adabu kumtoa mtu uwanjani bila ridhaa yake. Maneno yake, hata hivyo, yanahitaji kujibiwa. Baadhi ya maimamu wameupokea kama tusi na kuutupa. Wengine wameupokea kama wahyi. Wote hawajausoma vizuri.

Kiini cha waraka ni swali moja ambalo dada yetu analirudia kila baada ya kurasa chache: mwanamke wa Kiislamu aliyekaa katika ndoa miaka ishirini au thelathini, akazaa, akalea, akapika, akauguza wakwe, siku anayopewa karatasi ya talaka anatoka na nini? Jibu lake ni kwamba kwa masheikh anatoka na begi lake la nguo, na kwa mahakama ya serikali anatoka na fungu la mali. Kisha anahitimisha kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imempa mwanamke wa Kiislamu kitu ambacho fiqhi haikuwahi kumpa.

Tuanze na alipopatia, maana ukweli haukataliwi kwa sababu umesemwa na mwanasheria. Ni kweli kwamba wanawake wetu wengi wanatoka na begi la nguo. Ni kweli kwamba wapo wanaume wanaotoa talaka kwa ujumbe wa simu, kisha wakazima simu eda nzima ili wasiulizwe chakula wala kodi ya chumba. Ni kweli pia kwamba imamu akiletewa shauri la talaka, mara nyingi swali lake la kwanza na la mwisho ni hili: ameacha ngapi? Ikishajulikana ni moja, mbili au tatu, kikao kimefungwa. Nafaka ya eda, makazi, mahari iliyobaki dhimmani na haki ya mut'a ni mambo ambayo mwanamke asipoyauliza mwenyewe hayatajwi. Naye hawezi kuuliza asichokijua.

Lakini kutoka katika hali hii mpaka kusema kwamba fiqhi haina kitu ni hatua ndefu, na dada yetu ameiruka bila kuangalia chini. Amewaona maimamu wasiotekeleza akadhani ndio kitabu. Ni sawa na mtu aingie mahakama ya mwanzo, amkute hakimu mvivu, kisha atoke akisema Tanzania haina sheria.

Hukumu ya Bi Hawa

Nguzo ya waraka ni hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kila anayesoma sheria katika nchi hii anaijua, na mawakili huitaja kama sisi tunavyotaja hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Suala lilikuwa tafsiri ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kinachoipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za mume na mke. Je, mke ambaye hakutoa fedha wala hakubeba tofali, bali alikaa nyumbani akihudumia mume na watoto, anahesabiwa kuwa alishiriki katika juhudi hizo? Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke na hazihesabiki, na wengine wakasema zinahesabika. Mahakama ya Rufani ikaikata mizizi ya fitna hiyo: kazi za nyumbani ni mchango.

Mpaka hapo dada yetu amenukuu sawa. Ambacho hakukisema, na ambacho wanaoitaja hukumu hii kwenye semina mara nyingi hawakisemi, ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufani yake. Mahakama ilikubali kanuni, kisha ikaona kwamba alikuwa amekwisha kupewa fedha na mumewe kwa ajili ya mambo ya familia akazitapanya, na kwa hiyo fungu lake alikuwa amelitanguliza kulila. Akaondoka na jina lake katika vitabu vya sheria, mikono mitupu. Hili silisemi kwa kumcheka. Nalisema kwa sababu mwanafunzi wetu akitaja qauli ya Imamu Shafii bila kutaja sharti lake tunamrudisha darasani, na wakili naye apimwe kwa mizani hiyo hiyo. Hukumu za baadaye za Mahakama ya Rufani nazo zimesisitiza kwamba kiasi cha mchango ni jambo la ushahidi. Mwanamke aliyeambiwa mtaani kwamba sheria inampa nusu, akafika kizimbani bila shahidi wala risiti, anaweza kukuta nusu hiyo ni maneno ya mtaani.

Kifungu chenyewe kina jambo lingine ambalo waraka umelipita haraka. Miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaamrishwa kuyaangalia ni mila na desturi za jamii ya wanandoa, kisha michango ya kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, kisha madeni, kisha mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyazingatia hayo ndipo ielekee kwenye usawa wa mafungu. Wakili akianza na usawa na kuyaacha yaliyotangulia amesoma mkia wa aya.

Fiqhi inasema nini juu ya kazi za nyumbani?

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo dada yetu angestaajabu kama angekaa mbele ya sheikh na Minhaj ya Imamu Nawawi mkononi. Ameandika kwamba kwa masheikh kupika, kufua na kufagia ni wajibu wa mke kisheria. Katika madh-hab yetu ya Kishafii, ambayo ndiyo madh-hab ya pwani hii tangu enzi na dahari, si hivyo. Aqdi ya nikaha haimlazimishi mke kupika wala kufua. Hata mke ambaye kwa hadhi ya kwao alikuwa na mtumishi, mumewe analazimika kumwekea mtumishi. Anachofanya mke jikoni anakifanya kwa ihsani na kwa maaruf, wala hakulipiwa kwa mahari. Kwa hiyo wale majaji wa Mahakama Kuu waliosema kabla ya mwaka 1983 kwamba kazi hiyo ni wajibu wa ndoa, kwa hiyo haina thamani, walikuwa mbali na Minhaj kuliko Jaji Nyalali. Jambo hili wengi wetu hawapendi kulisema juu ya mimbari, na sababu yake inajulikana na kila mwenye mke.

Basi kama si wajibu, je, ana ujira? Wanachuoni wetu wanalo shauri la mfano. Mtu akimpa fundi nguo aishone, fundi akashona, na haikutajwa bei. Qauli iliyo sahihi zaidi kwa Nawawi ni kwamba fundi hana ujira, kwani hakushurutisha. Ipo qauli kuwa anao. Ipo na ya tatu, kwamba akiwa ni mtu anayejulikana kwa kazi hiyo kwa malipo basi anao, la sivyo hana, na Nawawi mwenyewe anaashiria kuwa qauli hii imeonekana nzuri. Sultani wa wanachuoni, Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliipa nguvu qauli hii katika Qawaid yake, akihesabu kuwa ada inasimama mahali pa tamko. Kinyozi hasemi bei kila akimshika mtu kichwa, na hakuna anayedhani kwamba ananyoa sadaka.

Sasa mpime mke kwa mizani hii. Kwa ada za watu wetu, mke hapiki kwa kutaraji ujira, na ukimwambia kuwa utamhesabia sahani utakuwa umemtukana. Kwa hiyo mlango wa ujira umefungwa kwa ada ile ile ambayo kwa fundi imeufungua. Mimi hapa naungana na wale wasiomhesabu mke kama mwajiriwa anayedai malimbikizo. Lakini kufungwa mlango wa ujira si kufungwa milango yote. Dada yetu amegonga mlango mmoja, akaukuta umefungwa, akaondoka akisema nyumba haina watu.

Mlango wa kwanza ni milki. Mwanamke wa Kiislamu anamiliki mali yake peke yake, ndoa haimpi mume hata senti yake. Waraka unasifu kifungu cha 56 cha Sheria ya Ndoa kwa kumpa mke haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali sawa na mwanamume. Uzuri wa kifungu hicho hatuubishi, ila kihistoria waliokuwa wakikihitaji ni Waingereza. Kwao mke alipata uwezo kamili wa kumiliki mali yake mwenyewe kwa sheria ya mwaka 1882, na kabla ya hapo mali yake kwa sehemu kubwa ilimezwa na mumewe. Binti wa Kiislamu wa Lamu au Unguja aliyerithi shamba la minazi karne moja kabla ya hapo hakuhitaji Bunge la London. Kwa hiyo mke aliyetoa mshahara wake kununua mabati, aliyeuza mkufu wake kulipia kiwanja, aliyekuwa na genge la mboga na fedha zake zikaingia katika msingi wa nyumba, huyo si wa kuhurumiwa. Ni mshirika katika milki. Akithibitisha kuwa alitoa kwa kushirikiana au kwa mkopo, fungu lake ni lake, liwe limeandikwa kwa jina la mume au la nani.

Mlango wa pili ni vyombo vya nyumbani. Imamu Shafii katika al-Umm ana mlango mahsusi juu ya mume na mke wanaogombania vyombo vya nyumba na hakuna mwenye ushahidi. Imamu Abu Hanifa alisema vya kiume apewe mume na vya kike apewe mke. Shafii akakataa. Akasema nyumba iko mikononi mwa wote wawili, basi kila mmoja ale kiapo na vitu vigawanywe nusu kwa nusu, viwe vya kiume au vya kike, kwa sababu mwanamume anaweza kumiliki vya kike kwa kununua au kurithi, na mwanamke vya kiume. Hoja yake moja ni tamu: Sayyidna Ali alimwoa Bibi Fatima kwa deraya ya chuma, nayo ni zana ya vita, na ikawa milki ya Bibi Fatima. Tazama basi. Nusu kwa nusu, kutoka kwa Imamu wetu mwenyewe, karne kumi na moja na zaidi kabla ya kifungu cha 114. Ni mashauri mangapi ya talaka ambayo imamu amemwambia mume: kabati, friji, televisheni na vitanda, leteni ushahidi au leteni viapo? Mara nyingi mume anabadilisha kufuli siku ya pili na mambo yanakwisha hapo.

Mlango wa tatu ndio mpana zaidi. Ni mut'a, yaani kiliwazo anachopewa mtalikiwa. (Wasikilizaji wakisikia neno hili hudhani ni ile ndoa ya muda inayojulikana kwa Mashia. Jina linafanana, jambo ni jingine kabisa.) Mwenyezi Mungu ameitaja katika Surat al-Baqara, aya ya 236 na aya ya 241, na katika al-Ahzab aya ya 49. Minhaj inasema ni wajibu kwa aliyeachwa kabla ya kuingiliwa ikiwa hana nusu mahari, na ni wajibu pia kwa aliyeingiliwa, kwa qauli iliyo dhahiri zaidi. Kiwango chake? Ni vizuri isipungue dirhamu thelathini, na wakigombana kadhi anakadiria kwa kuangalia hali za wote wawili. Zile thelathini ni sakafu ya sunna, na juu yake hakuna dari. Kadhi akiona mume ana nyumba tatu Kinondoni na mke alisimama naye tangu walipokuwa wakilala chumba kimoja cha kupanga, nani amemkataza kukadiria kiasi kitakachomnunulia chumba na sebule?

Imamu Nawawi katika fatwa zake alilalamika kwamba wajibu wa mut'a ni jambo ambalo wanawake wameghafilika nalo, na kwamba inapasa wafundishwe na hukumu yake ienezwe ili waijue. Maneno hayo Khatibu Shirbini ameyanakili katika Mughni al-Muhtaj. Nawawi alifariki mwaka 676 Hijria. Tunaisoma Minhaj yake kila mwaka darasani, tunatahiniana kwa ibara zake, na agizo lake hilo halijafika Buguruni.

Wenzetu wengine hawakulala. Misri, kwa marekebisho ya mwaka 1985, imekadiria mut'a isipungue nafaka ya miaka miwili. Malaysia, ambao ni Mashafii kama sisi, wamejenga juu ya ada yao kitu wanachokiita harta sepencarian, mali iliyochumwa na wanandoa pamoja, na Sheria ya Familia ya Kiislamu ya mwaka 1984 inamtazama hata mke aliyechangia kwa kuangalia nyumba na watoto, ingawa aliyechuma kwa juhudi zake hupewa fungu kubwa zaidi. Katika milima ya Ghumara huko Morocco wanachuoni wa Kimaliki walijadili haki ya mke katika mazao aliyoyahangaikia, na fatwa ya Ibn Ardun wa karne ya kumi Hijria inatajwa mpaka leo. Hapa kwetu, Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar, Na. 9 ya mwaka 2017, imewapa makadhi nafasi ya kuangalia mali ya ndoa pale penye mchango halisi. Dada yetu, mwanasheria wa miaka mingi, hakuitaja hata moja katika hizi. Angezitaja, hoja yake kwamba fiqhi imeganda isingesimama.

Mtalikiwa na mjane

Liko jambo ambalo waraka haukuliona, nalo kwangu ni zito kuliko yote. Chukua wanaume wawili jirani, kila mmoja ana nyumba moja, mke mmoja na watoto. Wa kwanza anamwacha mkewe, mahakama inamgawia mke sehemu ya nyumba, tuseme theluthi. Wa pili anakufa akiwa na mkewe kitandani pake, mapenzi hayajapungua. Mjane anapewa thumuni, moja ya nane. Na lau wangekuwa wake wanne, wangegawana thumuni hiyo hiyo. Kwa hesabu hii aliyeachwa amepata zaidi ya aliyevumilia mpaka mauti. Wakili anayetaka theluthi au nusu ya moja kwa moja kwa kila mtalikiwa, na huku anasema anaheshimu mirathi ya Kiislamu, anapaswa kueleza mke mwema amekosa nini.

Lakini upanga huu unakata pande mbili, na upande wa pili unatugusa sisi. Thumuni ni ya mali ya marehemu. Haiwi ya mali iliyomo nyumbani mwa marehemu. Mwenyezi Mungu katika Surat an-Nisaa ameweka urithi baada ya wasia na deni, na kabla ya vyote hivyo lipo jambo ambalo halihitaji hata kutajwa: mali ya mtu mwingine haimo katika tirka. Ikiwa mjane alichangia nyumba ile, sehemu yake inatolewa kwanza kwa ukamilifu kwa kuwa ni milki yake, ndipo kinachobaki kigawanywe, naye achukue thumuni yake katika kilichobaki. Nimehudhuria vikao vingi vya mirathi. Kalamu inatolewa, majina ya watoto yanaandikwa, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja, mke thumuni, nyumba inauzwa. Ni nadra sana kusikia sheikh akimgeukia mama aliye nyuma ya pazia na kumuuliza: katika nyumba hii, wewe kilicho chako ni kipi? Asipoulizwa atanyamaza, kwa haya na kwa msiba. Na watoto wa kambo hawatamkumbusha. Hapo kilichogawanywa kwa jina la faraidh kina mali ya mtu aliye hai ndani yake, hata kama hesabu ya mafungu imetoka sawasawa. Malaysia mjane anaruhusiwa kuidai harta sepencarian kabla ya faraidh kugawanywa, na hilo kwangu ni la kuigwa kuliko lile la mtalikiwa.

Mabaraza, makaratasi na mitaa

Sehemu ya waraka juu ya mambo ya mitaa ni fupi, nami nitaipitia upesi. Dada yetu anasema watu wanakimbia huku na huku: mume akikosa anachotaka kwa imamu anakwenda mahakamani, mke akishindwa mahakamani anarudi kwa imamu. Hilo lina historia. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipounganisha mahakama za Tanganyika katika mfumo mmoja, maliwali na makadhi wa serikali waliondoka bara. Zanzibar wamebaki nao. Kenya nao wamebaki nao, Katiba yao ya 2010 inawataja katika ibara ya 170, na sheria yao ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inamruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali hiyo. Bara, hakimu wa mahakama ya mwanzo anaamua ndoa za Waislamu bila kulazimika kujua tofauti ya talaka rejea na talaka bain. Wakili anawalaumu maimamu kwa vurugu hii bila kumlaumu aliyeiondoa milango na kuacha matundu.

Hata hivyo amesema neno moja ambalo kila imamu aliandike ukutani kwake. Kifungu cha 107, kijisehemu cha tatu, kinaitambua talaka ya Kiislamu, lakini kwa mpangilio: kwanza Baraza la Usuluhishi lithibitishe kwa hati kuwa limeshindwa kuwapatanisha, kisha ndipo litendeke lile ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, na hapo mahakama haina hiari, inalazimika kutoa amri ya talaka. Mume akitamka kwanza na Baraza likaja baadaye, au lisije kabisa, mbele ya Mwenyezi Mungu mke ameachwa, na mbele ya serikali bado ni mke wa mtu. Eda inakwisha, anaposwa, sheikh anamwozesha kwa nia njema, na sheria ya nchi inamhesabu mwanamke aliyeolewa na mume wa pili juu ya mume. Upatanishi wa mahakimu wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, umo katika Surat an-Nisaa aya ya 35. Baraza ni la kuanzia nalo, na imamu anayewapeleka watu huko kabla ulimi haujateleza hajamtii serikali peke yake.

Kuhusu malezi, waraka unadai kwamba Uislamu unamnyang'anya mama watoto. Sijui amelitoa wapi. Katika madh-hab yetu mama ndiye wa kwanza kwa hadhana mpaka mtoto apambanue, na hilo kwa kawaida ni miaka saba, kisha mtoto anahiyarishwa kati ya baba na mama. Sheria ya 1971 nayo, kifungu cha 125, inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni bora akae na mama mpaka ithibitike vinginevyo. Saba kwa saba. Anayewanyang'anya akina mama ni mila za ukoo na vifua vya wanaume.

Limebaki la eda. Dada yetu ameandika kila mahali kuwa eda ni miezi mitatu. Miezi mitatu ni ya asiyepata hedhi. Anayepata hedhi eda yake ni tohara tatu, mwenye mimba mpaka ajifungue, na mjane asiye na mimba miezi minne na siku kumi. Kosa hili si dogo kwa wakili, kwa sababu kifungu cha 115 kinaiacha nafaka ya mtalikiwa wa ndoa ya Kiislamu ifuate muda wa eda, na mama mwenye mimba ya miezi miwili anayedaiwa miezi mitatu na wakili wake mwenyewe amepunjwa miezi minne ya chakula kabla mume hajafungua mdomo.